Luteni Kosacki na Mabomu Yaliyofichwa Ardhini

Mkulima ashikapo jembe lake asubuhi hafikiri kwamba ardhi ile ile imlishayo yaweza kumwua. Huiamini ardhi kama mtoto amwaminivyo mama yake. Lakini ziko nchi nyingi duniani, na nyingine si mbali nasi, ambamo imani hiyo imevunjwa. Vita vilipita, askari wakarudi makwao, mikataba ikatiwa sahihi; ila mabomu yaliyotegwa chini ya udongo hayakupata habari ya amani. Yamekaa yakingoja, mwaka baada ya mwaka, mguu wa yeyote atakayepita: awe askari au mchungaji, mama aendaye kisimani au mtoto afuataye mbuzi.

Leo twataka kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu mmoja ambaye, wakati mataifa makubwa yalipokuwa yakishindana kubuni njia za kuua, alikaa chini akabuni njia ya kuokoa miguu na roho za watu. Jina lake ni Józef Kosacki, Luteni katika jeshi la Polandi, fundi wa umeme na baadaye profesa. Majeshi ya dunia yanakijua chombo chake. Katika nyumba zetu jina lake halitajwi sana, na sababu yake tutaieleza.

Kosacki alizaliwa tarehe 21 Aprili 1909 katika Łapy, mji mdogo wa reli upande wa kaskazini-mashariki wa nchi yake. Tunasema nchi yake, ingawa siku ile alipozaliwa hapakuwako dola iitwayo Polandi katika ramani ya Ulaya. Wafalme wa Urusi, Prussia na Austria walikuwa wameigawana tangu zaidi ya miaka mia moja, na Łapy ilikuwa chini ya Urusi. Sisi tuliozaliwa katika bara lililogawanywa kwa kalamu na rula twaelewa vema maana ya jambo hilo. Mwaka 1918, Vita Kuu ya kwanza ilipokwisha, Polandi ilisimama tena kwa miguu yake, na kijana Kosacki akakua katika taifa lililokuwa na hamu ya kujenga kila kitu upya. Alisoma katika Chuo cha Ufundi cha Warsaw, akatoka humo mhandisi wa umeme.

Hata kabla ya vita vya pili, wataalamu wa kwao walikuwa wakisumbuliwa na tatizo moja. Katika viwanja ambamo askari wa mizinga hufanya mazoezi, si kila kombora lipigwalo hulipuka. Mengine huzama udongoni yakiwa mazima, na hubaki humo hatari kwa yeyote atakayelima au kuchunga. Basi wakaanza kutafuta njia ya kuyatambua kwa umeme pasipo kuyagusa. Kosacki alikuwa mmoja wa mafundi waliojua kazi hiyo. Mbegu ya chombo chake, kwa hiyo, ilipandwa kwa ajili ya mabomu yaliyosahauliwa, kabla haijahitajiwa kwa ajili ya mabomu yaliyotegwa kusudi.

Tarehe 1 Septemba 1939 majeshi ya Ujerumani yaliivamia Polandi kutoka magharibi, na siku ya 17 ya mwezi uo huo majeshi ya Urusi ya Kisovieti yakaingia kutoka mashariki. Kwa mara nyingine taifa likafutwa katika ramani. Maelfu kwa maelfu ya familia za upande wa mashariki walitolewa majumbani mwao wakapelekwa Siberia na nchi za mbali. Baadhi yao sisi tuliwapokea. Walipofunguliwa mwaka 1941 walipitia Uajemi, na tangu mwaka 1942 wengi wao, hasa wanawake na watoto, wakafika Afrika ya Mashariki. Tengeru, karibu na Arusha, walikaa watu wapatao 5,000, na makaburi ya waliofia huku yako pale mpaka leo. Masindi katika Uganda, kanisa walilolijenga kule Nyabyeya lingali limesimama. Wazee wetu waliowaona wageni hao walishangaa kwamba Wazungu nao waweza kuwa wakimbizi wasio na kitu.

Kosacki hakupelekwa Siberia. Alipata kutoka, akafika Uingereza kama walivyofika askari wengi wa Polandi waliokataa kuiweka silaha chini. Jeshi lao likapewa kazi ya kulinda pwani ya mashariki ya Uskoti, kwa maana mwaka 1940 Waingereza walitazamia kila siku kwamba Wajerumani watavuka bahari. Kwa hofu hiyo fukwe nyingi zilitegwa mabomu. Mabomu yale yaliwekwa kumzuia adui, lakini adui hakuja. Waliokuja ni askari wa doria, na baadhi yao, Wapolandi wakiwamo, waliuawa na mabomu ya upande wao wenyewe. Hilo ndilo tabia ya bomu la kutegwa. Halina rafiki wala adui. Humjua tu yule alikanyagaye.

Siku zile njia ya kulitafuta bomu ilikuwa moja: askari alipiga magoti au kulala kifudifudi, akashika singe, akaidunga ardhi taratibu kwa kuiinamisha, kidole kwa kidole, mpaka ncha ikagusa kitu kigumu. Kisha alifukua udongo kwa mikono yake. Kazi ya namna hiyo ilikwenda polepole mno, na aliyekosea mara moja hakupata nafasi ya kujifunza.

Mwaka 1941, huko Uskoti, Luteni Kosacki aliukamilisha muundo wa chombo chake, akisaidiwa na mwenzake Luteni Andrzej Gaboś. Tutajaribu kukieleza kwa urahisi. Kwenye ncha ya mpini mrefu palikuwa na sahani iliyobeba mizingo miwili ya waya. Mzingo mmoja ulipelekewa umeme wa kupwa na kujaa upesi upesi, kwa kadiri iwezayo kusikika na sikio kama mlio. Mzingo wa pili uliunganishwa na kikuza sauti, na kikuza sauti na vyombo vya kusikilizia vilivyovaliwa masikioni kama vile vya simu. Mizingo hiyo ilisawazishwa hata mmoja usiuathiri mwenziwe, na askari akasikia kimya au mlio hafifu tu. Lakini sahani ilipopita juu ya chuma kilichofichwa, usawa ule ulivunjika, na mlio ukapanda masikioni. Askari alisimama, akaweka alama, akapita. Mzigo wote, pamoja na betri, ulikuwa chini kidogo ya kilo 14, hata mtu mmoja aliweza kuubeba na kutembea nao akiwa wima.

Wakubwa wa jeshi la Uingereza walikuwa wakijaribu miundo kadhaa wakati ule ule. Chombo cha Wapolandi kilishinda majaribio, kikachaguliwa, na viwanda vikaagizwa kukitengeneza kwa wingi na kwa haraka.

Hapa twataka msomaji asimame kidogo. Mtu aliyebuni kitu kama hicho, kilichohitajiwa na kila jeshi duniani, angaliweza kukiandikisha serikalini kuwa mali yake na kudai malipo kwa kila kimoja kilichotengenezwa. Vilitengenezwa mamia ya maelfu kabla vita havijaisha. Kosacki alikuwa mkimbizi. Nchi yake ilikuwa chini ya kisigino cha adui. Hakujua kama atarudi nyumbani wala atarudia nini. Kama yuko mtu ambaye tungalimwelewa kwa kujiwekea akiba, ni yeye. Lakini hakudai haki ya uvumbuzi. Alilipa jeshi la Uingereza muundo wake bure. Alichopata ni barua ya shukrani kutoka kwa Mfalme George wa Sita.

Tena hakupata hata sifa. Jamaa zake walikuwa wamebaki Polandi, mikononi mwa Wajerumani, na kama jina lake lingalitangazwa wangaliadhibiwa wao kwa kazi yake. Kwa hiyo habari zake zilifanywa siri, akatumia jina lisilo lake, na hata vitabu vilivyoandikwa baada ya vita vilikosea kuliandika. Ndiyo sababu tuliyoahidi kuieleza. Mtu aliyewaokoa maelfu alikubali asijulikane ili wachache wa nyumbani kwake wasidhurike. Twaona kwamba wazazi wengi wasomao gazeti hili wataielewa hesabu hiyo pasipo kufafanuliwa.

Chombo chake kilipata jaribio lake kubwa jangwani. Mwaka 1942 majeshi ya Ujerumani na Italia, yakiongozwa na Rommel, yalikuwa yamesimama huko El Alamein katika Misri, kati ya bahari na bonde la mchanga lisilopitika. Mbele yao yalitega karibu nusu milioni ya mabomu, yakapaita mahali pale Bustani za Shetani. Mengi yalikuwa ya kuvunja vifaru, na kati yao yalitiwa ya kuua watu, ili yeyote aendaye kuyaondoa yale makubwa auawe na yale madogo. Hapakuwa na njia ya kuzunguka. Jeshi la Nane la Uingereza lilipaswa kupita katikati.

Viliandaliwa vyombo vya Kosacki vipatavyo 500. Usiku wa tarehe 23 Oktoba 1942, mwezi uking'aa, mizinga karibu 900 ilianza kunguruma, na askari wahandisi wakaingia bustanini. Walitembea mstari kwa mstari, mmoja akipitisha sahani juu ya mchanga huku na huku, mwingine akiweka alama, wa tatu akifukua, na wengine wakitandika utepe mweupe na taa kuonyesha njia iliyo salama. Inasemekana chombo kile kiliongeza mara mbili mwendo wa kazi, kutoka mita za mraba kama 100 kwa saa hata 200. Hatusemi kwamba kilifanya miujiza. Havikutosha kwa vikosi vyote, vingine viliharibika, na mahali pengi askari walirudi kwenye singe na mikono yao. Lakini njia zilifunguliwa, vifaru vikapita, na mwanzoni mwa Novemba vita vile vilikuwa vimeshinda. Tusisahau kwamba watu wa Afrika ya Mashariki nao walikuwako katika nchi zile za Misri na Libya, katika vikosi vya kazi, wakijenga na kupakua shehena. Baadhi ya babu zetu walipita katika njia zilizosafishwa kwanza na mtu mwenye kusikiliza ardhi.

Baada ya hapo chombo kilikwenda Sicilia, Italia na Normandy. Lakini watega mabomu hawakulala. Walipoona kwamba chuma chasikika, walianza kutengeneza mabomu yenye sanduku la mbao, na hata la kioo, yaliyokuwa na chuma kidogo mno. Mashindano kati ya afichaye na atafutaye yalianza hapo, na hayajakwisha. Afichaye daima yu mbele, kwa kuwa kutega bomu moja ni kazi ya dakika chache, na kulitafuta ni kazi ya jasho na hofu.

Vita vilipokwisha wengi wa askari wa Polandi waliokuwa Uingereza hawakurudi, kwa kuwa nchi yao ilikuwa imeangukia chini ya utawala wa Kikomunisti. Kosacki alirudi. Hakuwa mwanasiasa, alirejea kwenye vyombo na wanafunzi. Alifanya kazi ya elektroniki katika taasisi ya utafiti wa nyuklia huko Świerk karibu na Warsaw, akafundisha katika chuo cha ufundi wa kijeshi, akaitwa profesa. Alikufa mwezi wa Aprili 1990, mwenye umri wa miaka 81, akiwa ameishi hata akaiona nchi yake ikipata uhuru wake kwa mara ya pili katika maisha yake. Taasisi ya jeshi la Polandi inayoshughulika na uhandisi leo inaitwa kwa jina lake. Miundo iliyotokana na chombo chake ilitumika katika jeshi la Uingereza mpaka mwaka 1995.

Lakini kazi aliyoianza, je, imekwisha? Nendeni El Alamein. Zaidi ya miaka 80 imepita tangu usiku ule, na bado jangwa la magharibi ya Misri lina mabomu na makombora yasiyolipuka. Wabedui waliozaliwa miaka mingi baada ya Rommel kuondoka wamepoteza miguu kwa vita visivyowahusu. Tutazameni kwa jirani zetu wa Msumbiji. Mabomu yalitegwa huko wakati wa vita vya kudai uhuru, yakategwa tena katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoisha mwaka 1992, na ilipasa kungoja hata mwaka 2015 ndipo nchi ikatangaza kwamba mashamba yake yote ya mabomu yaliyojulikana yamesafishwa. Kutega kulichukua siku. Kusafisha kulichukua zaidi ya miaka 20.

Katika kusafisha huko Tanzania ilikuwa na sehemu yake, nayo ni ya kutufurahisha. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, shirika liitwalo APOPO hufundisha panya buku kunusa baruti iliyofichwa ardhini. Mnyama yule, tuliyezoea kumfukuza mashambani, ni mwepesi hata halipui bomu alikanyagapo. Tena pua yake haidanganywi na misumari na makopo ya zamani, ambavyo humsimamisha bure mtu mwenye chombo cha kutambua chuma. Hutafuta baruti yenyewe, hata ikiwa katika sanduku la mbao. Kwa nusu saa aweza kukagua eneo la kadiri ya uwanja wa tenisi. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kupelekwa Kambodia, aligundua mabomu na vitu vingine vilipukavyo, jumla yake zaidi ya 100, akapewa nishani ya dhahabu huko Uingereza mwaka 2020, akafa mwezi wa Januari 2022. Tunadhani Profesa Kosacki angalimpokea kama mwenzake katika kazi.

Mwaka 1997 mataifa yalikutana Ottawa, Kanada, yakatia sahihi mkataba wa kukataza mabomu ya kutegwa ardhini yaliyokusudiwa watu. Vatikani ilitia sahihi mwaka ule ule ikauridhia mwaka 1998, na Tanzania nayo imo. Polandi iliuridhia mwaka 2012. Lakini mwezi wa Machi 2025 mawaziri wa ulinzi wa Polandi na wa Estonia, Latvia na Lithuania walipendekeza nchi zao zijitoe, na mwaka uo huo Bunge la Polandi likakubali. Hatutaki kuwahukumu kwa wepesi. Wao wana jirani mwenye nguvu ambaye hakutia sahihi mkataba ule, na tangu mwaka 2022 wameona aliyoyafanya katika Ukraina. Mtu aliyevunjiwa nyumba mara mbili hulala na rungu. Hata hivyo twalazimika kusema kwamba taifa lililoipa dunia njia ya kulitafuta bomu likianza kulitega upya, basi sisi sote tumepoteza kitu. Mabomu yatakayotegwa kwa hofu ya leo yatakanyagwa na watoto wa amani ya kesho, na watoto hao watakuwa wa Polandi yenyewe, kama vile askari walivyouawa na mabomu yao wenyewe pwani ya Uskoti.

Wala tusidhani mambo haya ni ya nchi nyingine tu. Mwezi wa Aprili 2009 ghala la silaha lililipuka Mbagala, na mwezi wa Februari 2011 likalipuka lingine Gongo la Mboto. Watu walikufa, na makombora yasiyolipuka yakatawanyika katika mitaa ya Dar es Salaam, uani kwa watu na njiani kwenda shule. Basi wazazi, wafundisheni watoto tangu sasa. Kitu cha chuma kisichojulikana, kilicho porini, shambani au katika taka, kisiguswe, kisirushwe, kisipigwe jiwe, kisiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Aliyekiona arudi kwa njia ile ile aliyojia, awazuie wenziwe, amwambie mtu mzima, na mtu mzima atoe habari polisi au kwa jeshi mara moja. Mtoto mtundu ndiye aokotaye. Mtoto aliyefundishwa ndiye aachaye.

Wazee wetu walisema, tenda wema uende zako, usingoje shukrani. Kosacki alikwenda zake bila fedha na kwa muda mrefu bila jina. Leo, mahali fulani duniani, yuko mtu aliyevaa visikilizio masikioni, akipitisha sahani polepole juu ya udongo, akisikiliza. Nyuma yake yuko mkulima aliyesimama na jembe begani, akingoja aambiwe kwamba sasa aweza kulima.